Bi. Dainess Mligo na Kalenda ya Mbalamwezi

Bi. Dainess Mligo, Wakili wa Serikali Mwandamizi, alistaafu kwa mujibu wa sheria tarehe 15 Juni 2026, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi wa umma, kumi na tisa kati yake ikiwa hapa Kigoma. Tunamuaga rasmi Jumamosi, tarehe 27 Juni. Msomaji makini ataona pengo kati ya tarehe hizo mbili, na huenda akadhani kamati ya maandalizi ilizembea. Haikuzembea. Sababu itaelezwa mahali pake.

Alizaliwa Njombe, akasomea sheria Dar es Salaam, akaanza kazi Iringa na baadaye Dodoma. Uhamisho wa kuja Kigoma ulimkuta akiwa hajawahi kupanda chombo chochote cha majini. Aliteremka kwenye treni na masweta mawili ya sufu, ambayo hadi leo yamo sandukuni yakiwa mapya. Ndani ya wiki ya kwanza alijifunza salamu moja ya Kiha, "Mwakeye", akaitumia kwa furaha asubuhi, mchana na jioni. Wazee wa mjini walimwitikia kwa adabu. Ilipita miezi kadhaa kabla ya mhudumu wa ofisi kumfahamisha kwamba hiyo ni salamu ya asubuhi. Bi. Mligo alijibu kwamba kwa mtu anayeletewa majalada mapya saa kumi jioni, ndiyo kwanza kunakucha.

Kazi iliyompa jina ni kesi ya genge la wizi wa injini za boti. Kwa muda mrefu wavuvi wa mwambao wa kaskazini walikuwa wakiporwa injini, ufukweni na hata katikati ya ziwa. Polisi walikamata vijana, vijana walifungwa, na wizi uliendelea kama vile hakuna aliyefungwa. Bi. Mligo ndiye aliyesema kwanza, kwa utulivu wake uleule, kwamba tulikuwa tukishtaki vibarua na kumwacha mwajiri. Yeye na Inspekta Nassib wa upelelezi waliacha kufuata wezi, wakafuata injini: nani huichagua, nani huivusha, nani hufuta namba zake na kuipaka rangi mpya, nani huiuza. Maswali hayo yote yaliishia kwenye karakana moja ya Buzebazeba. Mwenyewe alikuwa Gervasi, muuza vipuri mwenye maneno laini, ambaye baadhi ya wateja wake walikuwa wavuvi walioibiwa, wakinunua kwake injini za wavuvi wengine walioibiwa. Alishtakiwa pamoja na wenzake kwa kosa la kuongoza genge la uhalifu.

Hati ya mashtaka ilikuwa nzuri. Mashahidi hawakuja.

Mashahidi hao walikuwa wavuvi wa Mwamgongo, kijiji kinachofikiwa kwa boti. Waliitwa mara ya kwanza, hawakuonekana. Waliitwa tena, hawakuonekana. Ofisini sote tulikubaliana kwamba wametishwa, na Bi. Mligo akaandaa hoja ndefu, yenye mantiki isiyo na doa, kuhusu ulinzi wa mashahidi. Utetezi uliomba kesi ifutwe. Hakimu alikubali kuahirisha kwa mara ya mwisho, akaeleza bayana kwamba mashahidi wasipofika washtakiwa wataachiwa. Hilo lingemaanisha pia kwamba injini zilizokamatwa, kwa kuwa hazikuwa na namba wala mdai, zingerudi kwa Gervasi.

Bi. Mligo aliamua kwenda Mwamgongo mwenyewe. Inspekta Nassib, mzaliwa wa Ujiji asiyekuwa na huruma kwa watu wa nchi kavu, alimkabidhi ndoo ndogo na kumwambia, "Mama, hapa ziwa limelala. Likiamka nitakujulisha." Ndoo ilitumika kabla Gombe haijaonekana.

Kijijini alipokewa na Bi. Mwanvua, mwenye mitumbwi ya dagaa, ambaye injini yake ilikuwa miongoni mwa vielelezo. Mgeni alianza kueleza mpango wa ulinzi. Mwenyeji alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mama wakili, kuogopa tunaogopa, lakini si hilo. Ninyi mnatuita giza. Dagaa ni wa giza, sasa nani aache ziwa aje kukalia mabenchi yenu? Tuiteni mwezi ukiwaka. Mwezi ukiwaka tuko hapahapa, tunashona nyavu na kugombana na waume zetu."

Kwa wasomaji wa bara: dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi unapong'aa taa haiwavuti, hivyo mitumbwi hupumzishwa ufukweni mpaka giza lirejee. Kila mtoto wa Mwamgongo anajua. Sisi tuliokuwa na shahada hatukuwa tumeuliza.

Njiani kurudi, kati ya ndoo na ndoo, Bi. Mligo aliuliza swali moja tu: tarehe zile mbili za kesi zilipendekezwa na nani? Zote zilipendekezwa na upande wa utetezi, nasi tulizikubali kwa heshima. Zote ziliangukia giza. Gervasi alikuwa ameuza vipuri kwa wavuvi maisha yake yote. Hakuhitaji kumtisha mtu yeyote.

Mahakamani Bi. Mligo aliomba siku tatu mfululizo, mwezi ukiwa mpevu, akaeleza sababu bila kupamba. Wakili wa utetezi alitabasamu na kuuliza iwapo Jamhuri sasa inaendesha mashtaka kwa kusoma nyota. "Mwezi, wakili," alisema hakimu akiendelea kuandika. "Nyota hazijatajwa." Ombi likakubaliwa.

Siku ya kwanza boti ya Mwamgongo ilifika ikiwa imejaa, ikisindikizwa na polisi wa majini. Bi. Mwanvua alipanda kizimbani akiwa na kifurushi cha kanga. Alipoulizwa atatambuaje injini isiyo na namba, iliyopakwa rangi mpya, alijibu, "Fungueni kifuniko chake. Kilipasuka, mdogo wangu akakiziba kwa ndani na kipande cha mfuniko wa sufuria yangu ya ubwabwa. Mfuniko wenyewe huu hapa." Akafungua kanga. Injini ilifunguliwa mbele ya mahakama, kiraka kikapatikana, kikawekwa kwenye pengo la mfuniko, kikakaa sawasawa. Gervasi na wenzake walitiwa hatiani, rufaa yao ikatupwa, na injini zikarudi Mwamgongo kwa vigelegele.

Baadaye, akifundisha wapelelezi na mawakili wapya, Bi. Mligo alikuwa akisema kwamba nguvu ya genge haiko kwenye silaha peke yake. Iko kwenye kujua desturi za watu kuliko serikali inavyozijua. Kalenda ya ofisi yetu, ambayo sasa ina rangi ya njano kwa siku za mbalamwezi, ni kazi ya mkono wake. Mashahidi wa mwambao wanafika. Wageni wanaotutembelea hudhani njano hiyo ni sikukuu.

Sasa lile pengo. Kamati ilipanga kumuaga tarehe 15 Juni, siku yenyewe ya kustaafu. Ratiba ilirudi kutoka kwake ikiwa na maneno mawili kwa wino mwekundu: "Giza. Hawatafika." Tukaisogeza hadi mwezi uwake. Boti ya Mwamgongo imethibitisha kuja, na Bi. Mwanvua ametuarifu kwamba ubwabwa wa sherehe ni wake na sufuria ni ileile. Kiraka alikirudisha kwenye injini kwa hiari yake, hivyo mfuniko bado una pengo, na wapishi wetu wameombwa wasimpe mwingine.

Mama Mligo, tunakushukuru kwa kesi ulizoshinda, na zaidi kwa kutufundisha kuuliza kabla ya kuandaa hoja. Miche ya parachichi uliyoitoa Njombe tumesikia imeshika vizuri shambani kwako Kidahwe. Tunakuombea afya, mavuno na usingizi usiokatizwa na simu za Inspekta Nassib. Na ukitupitia jioni, tusalimie "Mwakeye" kama ulivyozoea. Tutaitika.