Aliyechomoa Waya kwa Makusudi

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mwalimu wetu wa hisabati na kompyuta anastaafu. Wanafunzi wanamwita Mama Waya. Uongozi ulijaribu kulizima jina hilo, likagoma. Basi nasi tumwite hivyo hivyo, maana ukimwita kwa jina lake rasmi hageuki.

Alikuja shuleni kufundisha hisabati tu. Chumba cha kompyuta alikipata kwa kuchelewa. Siku mashine zilipoletwa, kuukuu na zimefungwa kamba kama mizigo ya mtu anayehama, kikao cha walimu kilitafuta wa kuzisimamia, na kila mmoja wetu akainama kutazama viatu vyake. Yeye alikuwa bado njiani. Alipoingia akihema, alikabidhiwa funguo kabla hajakabidhiwa kikombe cha chai. Wakati huo, kwa maneno yake mwenyewe, kifaa pekee cha umeme alichokimudu kilikuwa pasi.

Alijifunza usiku na mchana, na alichokosa alikibuni. Mtandao ulipokatika muhula mzima, aliwapanga wanafunzi kwenye korido, mmoja akawa simu, mwingine mnara, wengine wakapokezana vipande vya karatasi vyenye ujumbe uliokatwakatwa, mpaka wa mwisho auunge usomeke. Mwalimu wa zamu aliyetaka kupita aliambiwa asubiri, mtandao una msongamano. Alisubiri. Watoto wale walielewa jinsi ujumbe unavyosafiri kuliko sisi tuliokuwa tunautuma kila siku.

Lakini jina lake lilitokana na utundu mwingine. Alikuwa amechoka kumngoja fundi, ambaye alikuja mara moja kwa muhula, akatikisa kichwa, akanywa chai na kuondoka. Akaamua watoto wawe mafundi. Kabla ya kipindi aliingia peke yake na kuharibu kitu: leo kachomoa waya wa skrini, kesho kapunguza mwanga hadi mtu adhani mashine imekufa. Kipindi hakikuanza mpaka kasoro ipatikane, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa kitu kabla ya kusema anashuku nini na kwa nini. Hata nyumbani hakuacha. Mume wake, fundi cherehani mpole, ametuthibitishia kwamba aliwahi kunyoosha suruali nzima kwa pasi baridi huku mkewe akimwangalia mlangoni, akingoja aone atachukua muda gani kugundua.

Tatizo ni kwamba Mama Waya huharibu vizuri kuliko anavyokumbuka kurekebisha. Walimu wengine tulioingia baada yake tulikuta mashine kimya, tukaenda kulalamika kwa Mkuu wa shule. Mkuu akaamini kompyuta zote ni mahututi. Mama Waya alipomweleza kwamba ugonjwa huo ndio somo, Mkuu alicheka sana, akidhani ni mzaha. Ikaamuliwa kwamba mkaguzi akija na kuridhika kuwa hakuna kinachofundishika, chumba kigeuzwe stoo ya madawati mabovu. Tuliomzoea tuliona wiki ile alivyopoteza hamu hata ya kututania. Alikipenda chumba kile, nasi tukaogopa kwamba kikifungwa, naye ataomba uhamisho.

Asubuhi ya ukaguzi, Mkuu hakutaka aibu mbele ya mgeni. Aliingia kabla ya kipindi, Mama Waya alipokwisha kuharibu na kutoka, akapiga magoti chini ya meza akiwa na suti, akachomeka kila waya alioukuta unaning'inia. Hakumwambia mtu. Mkaguzi alipoketi nyuma ya darasa, kompyuta ziliwaka zote kwa mara ya kwanza katika historia ya shule, na watoto wakapigwa butwaa. Walitafuta kasoro. Waliinama, wakakagua soketi, wakaanza kufungua mashine nzima isiyo na tatizo lolote, huku Mkuu akitokwa jasho. Hatimaye kiranja wa darasa akanyoosha mkono na kusema kwa masikitiko:

"Mwalimu, leo hujaharibu kitu."

Mkaguzi alimtaka Mama Waya aeleze, naye akaeleza yote bila kujitetea. Mkaguzi aliwatoa watu wote nje, akafunga mlango. Tuliochungulia dirishani tulimwona akivua koti, akachomoa waya mmoja, akafikiri, akachomoa mwingine, akazunguka chumba kizima kama mtoto aliyeachiwa jiko. Watoto walipoingia walizigundua kasoro zake zote, kila moja kwa hoja, na ile aliyoificha ndani ya swichi ya ukutani waliigundua kwanza. Ripoti yake ilisema chumba kisiguswe. Madawati mabovu yako nyuma ya jiko hadi leo, na yanatujeruhi magoti kila tupitapo.

Wanafunzi wake wametawanyika katika kazi nyingi. Mmoja wao sasa ndiye fundi wetu, na chai hanywi mpaka amalize. Mimi nimerithi funguo za chumba, na ninakiri nimeanza kuwahi asubuhi ili nichomoe kitu, ingawa watoto wananigundua haraka mno.

Mama Waya, tutakukosa, na tunasema hivyo bila utani. Ahsante kwa kutufundisha kutulia mbele ya kitu kilichozimika na kujiuliza kwanza. Pumzika, ucheze na wajukuu, umhurumie mzee na suruali zake, na maisha yawe mema kwako kila siku. Sasa, kipaza sauti cha sherehe hii hakijasikika tangu asubuhi, na wanafunzi wako wamekwisha kagua kila kitu isipokuwa mkoba wako. Kwa heshima zote, tunaomba uufungue.