Nafasi ya Engole Kwenye Benchi

Lenox, ambaye kijiwe kizima cha Busia kinamwita Pasipoti kwa sababu hakuna nchi aliyopeleka trela akakosa kuisimulia, alikuwa amesimama mbele ya benchi akimwigiza mzee Engole anavyotembea siku hizi: mabega yanaruka, vidole vya mkono usio na kikombe vinapiga kinanda hewani, miguu kama ya mlevi aliyekanyaga makaa. Alijipenda mno hata hakuona wenzake wameacha kucheka. Alipogeuka kwa madoido, kahawa yake yote ikaishia kwenye suruali. Nyuma yake alisimama Alupo, binti wa Engole, ameshika kikombe chenye kifuniko na mrija.

— Endelea, mzee Pasipoti. Mguu wa kushoto bado hujaupata.

— Nilikuwa nafukuza nyuki, Lenox akasema.

Bwire, fundi baiskeli, akajitia ujasiri:

— Dada, ukweli tuseme. Baba yako asikae hapa tena. Jana amenimwagia kahawa. Hiyo ni pombe, ni waragi.

— Baba aliacha waragi zamani.

— Si ndiyo hapo! Waragi ukiachwa unalipiza.

— Bwire, wewe hapana jua, akadakia Matayo, mchimba dhahabu wa ng'ambo ya mpaka, Uganda. Ile mzee alichimba dhahabu kule Tiira bila kupatia shimo mbuzi ya kafara. Sasa shimo inamvuta kamba kutoka chini.

— Na babu yangu aliyetingishika hivyo hivyo, wala hakufika Tiira? Alupo akauliza.

— Shimo ilijua mtoto atakuja, Matayo akajibu bila aibu.

Lenox hakuweza kuona uongo unapita bila yeye kuudandia.

— Nikiwa Juba niliambiwa ni minara ya simu. Hapa mpakani damu inashika mitandao miwili, ya Kenya na ya Uganda. Haijui ipokee upi.

Hata yeye mwenyewe alisikia ujinga wa maneno yake.

— Mnavuka mpaka kila siku, Alupo akasema, lakini akili zenu bado ziko kwenye foleni Malaba. Daktari alishatuambia: ni ugonjwa wa ubongo, wa kurithi. Mzazi anampa mtoto. Haumwagiki na kahawa ukamwambukiza mtu. Na kikombe chake hiki hapa, hiki nacho hakimwagiki.

Lenox akapangusa suruali. Aliyemfundisha kuendesha trela ni huyo huyo Engole. Hicho ndicho kisa pekee ambacho kijiwe hakijawahi kukisikia.

— Mtoto, akarudia polepole. Kwa hiyo na wewe…?

— Labda ndiyo, labda siyo. Sogea, baba anakuja kukaa.