Nilisema Ni Mgongo

Wapendwa, nawasalimu kwa jina la Yesu, aliyenipa leo nguvu kidogo ya kusimama mbele yenu. Mimi ni fundi ujenzi, naishi hapa Kamunyonge na mke wangu, Mama Majura. Mchungaji ameniruhusu niongee na wanaume peke yetu, kwa sababu jambo lenyewe ni la sirini. Mnivumilie. Nitasema taratibu, maana hata sasa nikilisema nachoka.

Ndugu zangu, ilianza na maumivu. Uume ukisimama ulikuwa unauma, hasa alfajiri. Nikafikiri nimejitonesha kazini, maana nilikuwaga nabeba mifuko ya saruji kama kijana. Baadaye nikagusa kitu kigumu chini ya ngozi, kama punje ya hindi. Hakikuondoka. Halafu uume ukaanza kupinda kwenda juu. Mwanzoni kidogo tu, lakini kila mwezi nikiangalia, umezidi. Ikafika mahali tendo la ndoa likawa mateso, nami sikumwambia mke wangu kwa nini namkwepa. Nikawa najifanya nimelala.

Mwanaume akiumwa jino anasema. Akiumwa malaria anasema. Hili utamwambia nani? Nilikuja hapa mbele kuombewa, mchungaji akaniuliza naumwa wapi, nikasema ni mgongo. Kanisa zima likauombea mgongo wangu, na mgongo ulikuwa mzima kabisa.

Nikanunua dawa za kienyeji kwa muuzaji mmoja stendi ya Bunda. Zikaniharibu tumbo. Nikaanza kuwaza nimelogwa, nikawa napitia kichwani watu wote niliowahi kugombana nao tangu Mugango nilikozaliwa. Nilipopata kazi ya kujenga nyumba Kabasa, kule Bunda, nikapanga chumba hukohuko, nikamwambia mke wangu safari za kila siku zinanichosha. Ukweli nilikuwa nakikimbia kitanda changu. Nikawa mtu wa kufanya kazi, kula na kulala. Wenzangu wakianza utani wa wanawake pale saiti, nachukua koleo nakwenda kuchanganya zege ambayo hakuna aliyeiomba.

Ndugu zangu, siku moja mchana mke wangu akatokea mlangoni bila kupiga simu. Akachungulia chini ya kitanda, akaangalia nguo zilizoning'inia ukutani.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo uliyemhamia."

"Hakuna mtu, Mama Majura. Naumwa."

"Unaumwa nini siku zote hizi, usichoweza kuniambia mimi?"

Nikakaa kitandani nikamwambia. Kwamba uume wangu umepinda, kwamba unauma, kwamba sijui kama utapona. Nikaogopa kumwangalia.

"Nguo zangu nimeshafunga," akasema. "Nilikuja kukuaga, niende kwetu Butiama. Nilijua umenichoka."

Kisha akavua viatu, akakaa pembeni yangu. "Kesho tunaenda hospitali, Baba Majura. Na mimi naingia na wewe."

Hapo, kwenye kile chumba cha Kabasa, ndipo Bwana aliponifungua.

Daktari tuliyemkuta hapa Musoma alinipima bila kucheka. Akasema, "Baba, hii si laana wala ugonjwa wa zinaa, na si saratani. Ni kovu limejitokeza ndani ya uume. Mara nyingine linatokana na jeraha dogo ambalo mtu hata halikumbuki." Akatueleza kwamba miezi mingi ya mwanzo panauma na kupinda kunaongezeka, halafu kovu linatulia. Maumivu kwa kawaida yanaisha, ila kupinda mara nyingi kunabaki. Upasuaji upo, lakini haufanywi wakati kovu bado linaendelea. Akanipima na sukari, kwa sababu wenye kisukari wanapatwa zaidi. Mwisho akaniuliza kama napata usingizi, na kama nimewahi kutamani kufa. Swali hilo lilinikuta sijajiandaa. Nikajibu ndiyo. Mke wangu akanishika mkono mbele ya daktari, kitu ambacho hajawahi kukifanya mbele ya watu.

Tukawa tunarudi kliniki na kusubiri. Maumivu yakaisha polepole. Kupinda hakujaisha, kupo hata leo ninavyosimama hapa. Sitawadanganya kwamba nilipona kama nilivyoomba. Daktari alisema kama tunaweza kuishi hivi, kisu si lazima, na tukishindwa ataandika rufaa ya Mwanza. Mpaka sasa tumeweza. Inataka uvumilivu, na kuambiana bila aibu, hapa panauma, subiri kidogo. Nimerudi kulala nyumbani kwangu. Nikitoka kazini namsikia mke wangu anacheka jikoni na watoto, na mimi naingia.

Namshukuru Mungu kwa hilo. Nimechoka, ndugu zangu, miaka ile imenila sana. Lakini niko hai, na ndoa yangu iko hai.

Kama kuna ndugu humu anayeumwa hivi, asiinue mkono. Amwamini Bwana, na asikae nalo peke yake. Njoo kwangu Kamunyonge asubuhi yoyote, useme tu "twende". Nitavaa shati, tutaongozana hospitali, na njiani hutalazimika kuniambia kitu chochote.