Dada Yetu, Mlezi wa Ngozi za Watu

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasimama mimi, mdogo wake anayemfuata, niwaeleze kwa ufupi maisha ya dada yetu, ingawa mwenyewe hakuwahi kueleza jambo kwa ufupi.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa mama mshonaji na baba karani wa posta, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, na baada ya sekondari akajiunga na chuo kikuu, alikohitimu shahada ya biolojia mwaka 1985, akiwa amebishana na kila mwalimu aliyemwambia kwamba jambo fulani haliwezekani.

Mwaka 1987 aliajiriwa katika maabara ya hospitali ya majeraha ya moto, chumba kidogo nyuma ya mahali pa kufulia mashuka, ambako kipande cha ngozi kisichozidi stempu kilioteshwa hadi kikatosha kufunika mgongo, kwa msaada wa vichocheo vya ukuaji, yaani zile protini ambazo mwili huzitumia kuziambia seli zigawanyike, zisogee na kuziba kidonda. Seli hazijui Jumapili wala sikukuu, kwa hiyo tarehe 9 Desemba 1989, siku alipofunga ndoa na fundi seremala wake, alitoka ukumbini na shela yake kichwani, akaenda kuzilisha, na shemeji yetu hakuacha kututania kwamba tumemwoza mke mwenye watoto maelfu. Wa kwao wenyewe walijaliwa wawili, wa kiume mwaka 1991 na wa kike mwaka 1994.

Tarehe 2 Juni 1999 binti yangu, wakati huo ana miaka minne, aliungua mikono yote miwili kwa mafuta ya kukaangia, na daktari akatuonya kwamba vidonda visipofunikwa mapema vidole vitagandana. Shangazi mtu akaishika kazi ile mwenyewe, na kwa uchungu wa damu akaongeza kichocheo kupita kipimo, ngozi ikaenea haraka kweli, lakini ilipoinuliwa ikachanika kama karatasi iliyolowa, kwa kuwa seli zilikimbilia kuzaana zikasahau kushikana. Haraka haraka haina baraka, na ni yeye aliyekuja kutuambia, akalia mbele yetu, akaomba kipande kingine cha ngozi ya mtoto, akaanza upya kwa kipimo kile kile alichompa mgonjwa yeyote. Safari hii ngozi ilishika.

Mwezi Februari 2022 aligundulika kuwa na saratani, naye akatueleza bila kinyongo kwamba uvimbe husikiliza vichocheo vile vile vinavyoponya kidonda, ila wenyewe haujui kushiba. Alitutoka tarehe 19 Agosti 2023, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mumewe akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani walioacha milango yao wazi kwa ajili yetu, na wafanyakazi wenzake waliomsikiliza hata alipofoka, maana alifoka. Namshukuru pia binti yangu, aliyemlisha kijiko kwa kijiko miezi yote ya ugonjwa, na jana akamwosha na kumfunga vifungo vya gauni, kimoja kimoja, kwa vidole vyake kumi.

Dada, kazi umeifanya, tumeiona. Sasa pumzika kwa amani.