Andrea Ambilikile, Aliyeulizwa Kama Ni Mtu Mzima

Marehemu Andrea Ambilikile alizaliwa Bujonde yapata mwaka 1889. Tarehe hakuna aliyeishika, na jambo hilo lilikuja kuwa na uzito kuliko ilivyodhaniwa. Alikuwa mtoto wa pili wa Angetile na Atuganile, wakulima wa mpunga na migomba.

Kama wavulana wote wa kwao, alipofika umri wa kuchunga ng'ombe alihama kwa baba, akajenga kibanda katika kijiji cha wavulana wenzake, ila chakula akaendelea kula kwa mama. Mwaka 1902 walichoma nyasi karibu na Mwaya, kando ya ziwa, ili kuwinda panya. Bi Zuhura, mke wa mfanyabiashara wa pwani, aliwaonya. Ambilikile akarusha majani juu, akamjibu kwamba upepo unakwenda ziwani. Adhuhuri upepo uligeuka. Nyumba ya Bi Zuhura iliteketea, na mumewe, aliyekuwa amelala na homa, akafia ndani.

Kwa kuwa aliyekufa alikuwa Mwislamu, Mjerumani wa boma alilisukuma shauri kwa Maalim Zubeiri, mjuzi wa sheria ya dini. Swali lilikuwa moja: huyu ni mtu mzima, alipe kwa shingo yake, au ni mtoto? Hapo kila mtu akapotea. Maalim alimuuliza Angetile kama mwanawe amekua. Angetile, ambaye kwake kumwita mtoto kijana aliyekwisha hama ni kumtukana, alijibu kwa majivuno kwamba ana nyumba yake. Atuganile akaona mumewe anamuuza mwana bila kujua bei.

"Maalim," akasema, "nyumba anayo, ila chungu ni changu. Nisipopika, analia."

Maalim alikuna kichwa. Akampa kijana jogoo akauze, apate kuipima akili yake. Ambilikile alirudi na majogoo wawili, na chumvi ya ziada. Baraza likacheka, kisha wote wakaona amejichongea: hiyo si akili ya mtoto.

"Hiyo ni akili ya mali," Maalim alisema mwishowe. "Damu ina hesabu nyingine. Mwili wake haujabaleghe, na hakuna shahidi kwamba ametimiza miaka kumi na mitano. Kosa la mtoto huhesabiwa kama bahati mbaya. Fidia itabebwa na ukoo wa baba yake."

Ng'ombe wa fidia walitoka kwa baba zake wadogo. Angetile alirudi nyumbani na furaha na hasira, asijue aanze na ipi.

Marehemu alisoma shule ya misheni miaka minne, akabatizwa mwaka 1908, akafanya biashara ya mchele Mwaya, ambako wauzaji walimkwepa kwa ugumu wake wa bei. Alimwoa Naomi mwaka 1910. Alipoota ndevu alimrudia Maalim kuuliza kama sasa kosa limekuwa lake. Akaambiwa kosa halikui pamoja na mtu. Hakuridhika. Kila mavuno alimpelekea Bi Zuhura mpunga, naye aliupokea mlangoni bila kumkaribisha ndani.

Machi 1915 alishikwa na homa ya mapafu. Bi Zuhura alikuja, akaketi kando ya kitanda. Marehemu alimuuliza kama bado ana kinyongo.

"Kinyongo nilikuwa nacho na yule mtoto," alisema, "na simwoni tena. Wewe mtu mzima hukuniunguzia kitu. Sasa nimkasirikie nani, mwanangu?"

Marehemu alifariki tarehe 9 Aprili 1915.

Ameacha mjane, Naomi. Watoto wawili, Ipyana na Marta. Mama yake, Atuganile. Na Bi Zuhura, ambaye wafiwa wamebishana tangu juzi atajwe kama nani. Ameketi upande wa mama wa marehemu, na hakuna aliyemwondoa.

Mungu ampokee, ampumzishe.