Dirisha la Bibi Dunya

Hebu vuta picha ya kibaraza cha mawe mjini Dameski, kwenye mtaa unaopanda mlima Kasiyuni. Mkabala nacho pana nyumba ndogo ambayo dirisha lake limefungwa tangu Bibi Dunya afariki, theluji ilipoanza kuyeyuka. Alikuwa akifundisha hadithi za Mtume, na wanafunzi wa nchi za mbali walijazana kwake mpaka viatu vikakosa pa kuwekwa. Sasa uchochoro ni kimya. Watatu wamekaa kibarazani kama kawaida yao: Baba Dengu, muuza dengu za kuchemsha, Sultani, mchukuzi mwenye punda mmoja na amri nyingi, na Kadhi, ambaye hajawahi kuwa kadhi ila humhukumu kila apitaye. Katikati yao kuna bakuli la sharbati ya zabibu lenye bonge la theluji ya mlimani.

Baba Dengu: Siku hizi mgeni hata wa dawa humpati. Yule wa Bukhara mnamkumbuka? Alikuwa anakula dengu zangu huku analia.

Sultani: Ulizidisha pilipili manga.

Baba Dengu: Alikuwa anakumbuka kwao, bwana.

Kadhi: Mimi kuna kitu hakijaniingia akilini. Vitabu alivyofundisha Bibi, kwao walikuwa navyo. Sasa mtu anatembea mwaka mzima kufuata nini?

Baba Dengu: Aprikoti zake. Kila mgeni alipewa sahani.

Sultani: Aprikoti gani za kumtembeza mtu mwaka, mzee? Wale walikuwa wanawakimbia wakwe zao.

Kadhi: Nyote hamjui kitu. Chini ya nyumba ile kuna hazina. Kusoma kulikuwa geresha, walikuwa wanachimba.

Sultani: Wanachimba kwa kalamu?

Walikuwa bado wanacheka alipotokea mtu mwenye vumbi mpaka kwenye kope. Jina lake Yaddar, ametoka Sijilmasa, ukingoni mwa jangwa kuu. Akasalimu, akauliza nyumba ya Bibi Dunya.

Baba Dengu: Ametutangulia, mwanangu. Kaa, unywe.

Yaddar hakunywa. Alikaa chini, akashika kichwa.

Yaddar: Na wanafunzi wake?

Sultani: Wamerudi makwao wote. Lakini kitabu si unacho?

Yaddar: Ninacho, mzee wangu. Nilitaka kusikia kinywani mwake, kama yeye alivyosikia kwa mwalimu wake, na huyo kwa wake, hadi kwa Mtume mwenyewe. Hata hadithi moja. Aliyeisikia kwake anaweza kunipa mimi.

Kadhi akatazama vidole vyake vya miguu.

Yaddar: Nyinyi mmekaa hapa miaka yote. Alikuwa anasema nini?

Kadhi akamgeukia Baba Dengu.

Baba Dengu: Kwanza alikuwa anakohoa.

Yaddar: Halafu?

Baba Dengu: Halafu… Sultani alikuwa anaanza kubishana, basi hatusikii tena.

Sultani: Mimi peke yangu?

 Ndani ya bakuli bonge la theluji lilikuwa limekwisha. Baba Dengu akasogea, akampisha mgeni kibarazani, na wote wanne wakakaa wakilitazama dirisha, kama wanafunzi waliowahi mno darasani.

Ukisahau majina yao, si neno. Nakuomba ukumbuke hili moja tu: miaka yote ile, dirisha lilikuwa wazi.