Uso wa Saa Tisa

Kijiwe chetu kipo Mirongo, mkabala na jengo lenye duka la vipuri chini na spa ghorofani. Ni ubao wa mita mbili na sentimita arobaini, nimeupima mwenyewe, uliolazwa juu ya matofali. Chenge anatumiminia kahawa kutoka kwenye birika lake la mkaa. Mimi nilikuwa mpima ardhi, msimika bikoni za mipaka ya viwanja, kwa hiyo wananiita Bikoni. Ngosha aliwahi kuuza mabondo ya sangara, vile vibofu vya hewa vya tumboni mwa samaki, na Mabondo ndilo jina lake hadi leo. Nkwabi alitoa ushahidi mahakamani mara moja, mwaka tisini na nne. Huyo ni Wakili. Luhende alifunga kamba za kivuko miaka thelathini, basi ni Nahodha.

Alhamisi ile tulikuwa tunaujadili uso wa Nahodha. Binti yangu Dorotea anafanya kazi kwenye ile spa, tawi la kampuni yenye matawi tisa nchini. Alianza kwa kufua taulo. Mwaka wa pili akaruhusiwa kuosha miguu, wa tatu akapewa nyuso. Sasa alikuwa na mtihani: akifaulu, atawafundisha wahudumu wa matawi yote ya Kanda ya Ziwa. Mtahini alikuwa amefika kutoka Dar kwa ndege ya asubuhi. Alitaka kumwona akisafisha uso wa mtu aliyezidi miaka sitini, aliyefanya kazi juani, saa tisa kamili. Mtu huyo asipopatikana, mtihani ni mwakani. Nahodha alikuwa ameahidi.

Mimi nina miaka sitini na minne, na jua nalijua. Dorotea hakuniomba. Katika wiki za mwisho za uhai wa mama yake, Modesta, Dorotea ndiye aliyemwosha uso kila jioni, na kila jioni mimi nilitoka nikaenda kusimama uani. Hajawahi kuniuliza kwa nini.

Saa nane na dakika kumi Wakili alianza.

— Nahodha, hiyo simu yako ya kufungua kwa uso, wakishakusugua itakukubali?

Nahodha aliitoa mfukoni, akaitazama, akairudisha.

Mabondo akaeleza kwamba yeye anajua mabondo yanakoishia. Yanapanda ndege, yanarudi yakiwa krimu. Nahodha atapakwa sangara, na mwezi mzima paka wa Mirongo watamfuata nyuma. Wakili akasema paka ni jambo dogo, tatizo ni sheria.

— Pensheni imeandikishwa kwa picha yenye makunyanzi, bwana. Ukitokea bila makunyanzi, wewe ni nani? Hiyo ni kesi.

Mabondo hakukubali kupitwa. Alimfahamu mtu wa Buzuruga aliyesafishwa uso kwa saa mbili. Aliporudi nyumbani, mke wake alisimama mlangoni akingoja aamkiwe shikamoo.

Nilisema Dorotea ana miaka minne katika kazi hiyo, anazijua tabaka za ngozi kwa majina, na hajawahi kumuunguza mtu. Nikasema anaijua kazi yake kuliko sisi wanne tulivyozijua zetu. Wakili akajibu kwamba hawabishi, ila mwisho wa yote ni kazi ya kushika watu nyuso.

Saa tisa kasoro dakika ishirini, Nahodha aliweka kikombe chini.

— Bikoni, nisamehe. Mwambie mtoto nimepata homa.

Kabla sijaweka kikombe changu chini, mwanamke mmoja alivuka barabara kutoka kwenye spa, koti jeupe mkononi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Mimi ndiye mtahini. Nimeambiwa uso wa saa tisa uko hapa kwenye kahawa. Ni wa nani?

Nahodha aliangalia viatu vyake. Wakili, ambaye hakuna swali lililowahi kumshinda, akamwomba Chenge amwongezee kahawa. Chenge akachochea mkaa.

— Ni wangu, nikasema.

Dorotea aliponiona mlangoni alisimama kidogo, taulo mkononi.

— Karibu, baba. Vua miwani.

Nililala. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Alipogeuka kuchukua kitambaa, mkono wake wa kushoto ulibaki kwenye paji langu. Alipogeuka kuchukua krimu, ulibaki. Nilihesabu mara kumi na saba. Mtahini naye alikuwa anahesabu.

— Mwongozo wetu unasema mkono mmoja usiondoke kwa mteja, alisema. Karibu wote wanasahau baada ya dakika tano. Wewe ulifundishwa na nani?

— Na mama yangu, alipokuwa mgonjwa. Alikuwa hawezi tena kufungua macho. Alisema nikiondoa mkono, hajui kama bado nipo.

Mtahini akaandika kitu. Mkono ule ulibaki palepale. Mwingine ulipita na taulo pembeni mwa macho yangu, kushoto, kisha kulia, bila haraka, kama vile na hilo limeandikwa kwenye mwongozo.

Nilirudi kijiweni saa kumi na robo. Kahawa ilikuwa imeisha na Chenge alikuwa anamwaga majivu, lakini wote watatu walikuwa bado wamekaa. Walinikagua. Wakili akaniomba simu yangu, ambayo nayo ni ya kufungua kwa uso, akaiinua mbele yangu.

Ikafunguka.

— Amefaulu? Nahodha akauliza.

— Amefaulu. Jumatatu anaanza Bukoba, kisha Musoma.

Nahodha alijipangusa shavu kwa kiganja, akakitazama kiganja chenyewe.

— Muulize kama kesho saa tisa ana nafasi.

— Kesho amejaa, nikamwambia. Nimeliona daftari pale mapokezi.